Kutoa upepo kuweka umeme kwenye miguu ya ndege ya modeli: inalipa au hailipi?

Siku hizi ukiwauliza watu wa ndege za modeli, hizi ndogo za kurusha kwa rimoti, kuhusu miguu ya kukunja jibu linakuja fasta, toa upepo weka umeme, kwisha. Mi naona jibu hilo lina ukweli mwingi ila linaruka yale mambo ambayo ndo yanavunja ndege, na kazi yenyewe si ya pesa ndogo, kwa hiyo hebu tuliangalie pande zote mbili kabla mtu hajaanza kufungua bawa.

Kwa ambaye hajawahi kushika mfumo wenyewe: modeli kubwa kubwa, hasa zile zinazoiga ndege za Vita Kuu ya Pili kama P-51 Mustang ya mabawa ya mita 2 hivi, zinakunja miguu zikishapaa kama ndege halisi. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na upepo. Kuna tenki dogo tumboni, unalijaza kwa pampu hadi psi 100 hivi, yaani karibu bar 7, kuna valvu inayosukumwa na sevo, yaani kimota kinachofuata amri ya rimoti, halafu kila mguu unapata mipira miwili myembamba ya rangi tofauti, mmoja wa kupandisha na mwingine wa kushusha, na mguuni pana silinda yenye pistoni na oringi ndani, vile vipete vya mpira vya kuzuia upepo usitoke. Wengi walianzia kwenye mifumo ya Robart ya Marekani. Ya umeme inafanya kazi hiyohiyo kivingine, mota ndogo inazungusha gia, gia zinazungusha skrubu ndefu, nati inatembea juu ya skrubu na mguu unaifuata.

Sasa kwa nini watu wamechoka na upepo? Kuvuja. Hesabu tu viungo, tenki lina viungo vyake, valvu ina vyake, kuna viungo vya herufi T vya kugawa upepo, kuna zile konekta za kuchomoa pale bawa linapoungana na bodi, halafu silinda tatu na oringi zake, na upepo unatoka popote panapolegea. Kutafuta panapovuja ni kazi ya subira kweli: unajaza tenki, unapaka povu la sabuni kiungo kimoja kimoja, unakaa unaangalia kiputo kidogo kinachovimba polepole pembeni ya mpira, unakata ncha ya mpira milimita chache, unarudisha, unapaka tena, unakuta kile kimetulia lakini cha pili yake ndo kimeanza. Na kibaya zaidi tenki ni moja kwa miguu yote, kwa hiyo oringi ya mguu wa kushoto ikichoka hata wa kulia unakosa nguvu, na wewe unakuja kujua ukiwa hewani.

Baridi nayo ina mchango wake. Ukijaza bar 7 ndani ya nyumba yenye nyuzi 25 ukaenda kurusha asubuhi ya nyuzi 5, unapoteza kama nusu bar bila tundu lolote, ni hewa tu imesinyaa, na oringi nazo zinakuwa ngumu zaidi kwenye baridi. Mtu anayerusha Uingereza mwezi wa pili ana shida ambayo anayerusha Mombasa haijui.

Umeme unafuta yote hayo kwa mkupuo. Hakuna kupampu, hakuna povu, hakuna sevo ya valvu, na mwendo wa mguu unakuwa mzuri, unapanda taratibu kwa sekunde kadhaa na unaonekana ni ndege kweli. Upepo usipobanwa vizuri mguu unaruka paa! na huo mshtuko unachosha pini na ile fremu inayoshika mguu kila safari. Kwa hiyo kwa matumizi ya kila wikiendi mi siwezi kubishana na mtu wa umeme, ameshinda.

Lakini upepo una hoja zake, na nyingine ni nzito. Kwanza hautegemei betri, umeme unaoutumia ni ule wa kusukuma kijisevo kimoja tu. Pili ukigoma haujiumizi, mguu ukikwama pistoni inasimama hapo hapo na kusubiri, wakati mota iliyokwama inaendelea kunywa amp mpaka kitu kikatwe au kiungue. Tatu matengenezo, silinda ya upepo unaifungua mezani, unabadili oringi, tone la mafuta, maisha yanaendelea, ila aktueta ya umeme, yaani ile mota na skrubu yake kwa pamoja, ikifa mara nyingi unanunua nyingine nzima. Na kuna ile aina ya upepo yenye springi, upepo unapandisha na springi inashusha, hiyo tenki likiisha hewani miguu inashuka yenyewe. Ni kama breki za upepo za lori, zile za springi, upepo ukikatika gari linajifunga, hitilafu inaishia upande wa usalama. Kwa mfumo wa umeme wa kawaida hilo halipo, umeme ukikatika mguu unabaki ulipo, na skrubu haiwezi kurudi nyuma kwa uzito wa mguu peke yake.

Hapa ndo nifike kwenye kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha, nacho ni namna kontrola ya umeme, kile kisanduku kinachowasha na kukata mota, inavyojua kwamba mguu umefika. Nyingi hazina jicho lolote. Zinapima amp tu. Nati ikifika mwisho inagonga, mota inahangaika, amp zinapanda ghafla, kontrola inasema basi tumefika na kukata. Vizuri. Sasa chukua mguu uliopinda kidogo kwenye kutua kubaya, au tairi linalokwaruza ukuta wa shimo lake kwenye bawa, au mlango wa shimo hilo unaobana, mota itahangaika palepale katikati, amp zitapanda, na kontrola itakwambia tumefika wakati mguu uko nusu njia. Upepo wenye presha nzuri ungesukuma ukapita hapo, pengine kwa fujo lakini ungepita. Ndo maana unakuta mtu amehamia umeme akitegemea shida itaisha, kumbe shida yake ilikuwa ni mguu uliopinda tangu zamani, upepo ulikuwa unamfichia tu, na umeme umeileta mbele ya macho yake hewani.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, geuza ndege kichwa chini kwenye meza, toa silinda, kunja kila mguu kwa kidole. Unatakiwa uende mwisho hadi mwisho laini kabisa bila kugusa kitu. Ukihisi hata kukwaruza kidogo, malizana na hapo kwanza. Ukishafunga umeme weka mita ya amp kwenye waya na uangalie namba wakati mguu unatembea, ikipanda katikati ya safari kuna kitu kinabana, usirushe. Na ujaribu ndege ikiwa mgongo juu pia, sio kichwa chini tu, maana uzito unavuta kwa upande tofauti.

Jambo lingine ni umeme wenyewe unatoka wapi. Wengi wanachomeka kontrola kwenye risiva, kile kipokezi cha rimoti ndani ya ndege, na kuondoka. Jamani. Miguu mitatu ikigonga mwisho kwa pamoja, au mmoja ukikwama, amp zinaruka, volti zinashuka kwenye risiva, na risiva ikizima hata sekunde moja wakati unageuka chini chini kuelekea uwanjani hakuna tena mjadala wa miguu. Miguu ipewe betri yake, LiFe (aina ya betri ya lithiamu) ya seli 2 inatosha kwa mifumo mingi maana volti zake ni 6.6, ila soma kwanza karatasi ya kontrola inakubali kiasi gani. Waya wa signali na wa hasi vinatoka risiva, waya mwekundu hauunganishwi upande wa risiva ili betri mbili zisikutane. Lakini hasi lazima iwe ya pamoja, ukiikata kontrola haitaisoma signali.

Halafu tutofautishe kubadili na kung'oa, watu wanavichanganya. Kung'oa ni kutoa fremu nzima na kuweka seti mpya ya mguu wa umeme iliyokuja kamili. Kubadili ni kuacha fremu yako ya chuma na pini zake, unatoa silinda tu na kuweka aktueta mahali pake, Robart wenyewe wanauza hizo aktueta za kufunga palepale silinda ilipokaa. Mi nasimama na kubadili, tena kwa nguvu kabisa. Mzigo wa kutua hauendi kwenye silinda wala mota, unaenda kwenye pini na ile kona ya kufungia ndani ya fremu, na fremu nzuri ya zamani inabeba kishindo kwenye uwanja wa majani kuliko nyingi ya zile seti za bei chee ambazo kipande kinachoshika mguu ni laini na kinapinda safari za mwanzo tu. Mtu ana fremu ya maana anaitupa anaweka nyepesi kwa sababu imeandikwa umeme, hiyo inaniuma.

Aina ya ndege nayo ina maana kubwa. P-51 na Spitfire mguu unalala kwa upande, kazi nyepesi. F4U Corsair na P-40 mguu unarudi nyuma huku unazunguka karibu nyuzi 90 ili tairi lilale bapa ndani ya bawa, na wakati wa kushusha mguu unasukuma kwenda mbele dhidi ya upepo wa mwendo wa ndege. Hapo mota dogo linaweza kushindwa hewani wakati mezani lilikuwa linaenda vizuri, kwa hiyo ukiwa na hizi punguza mwendo kabla ya kushusha na usinunue aktueta kwa kuangalia uzito wa ndege peke yake.

Na kwa wale wanaosema umeme unaharibu uhalisia, ndege halisi zenyewe hazikuwa na jibu moja. Spitfire na Mustang zilitumia haidroli, yaani presha ya mafuta, Focke-Wulf 190 ilikuwa na miguu ya umeme, B-17 pia umeme na mkono wa kuzungusha ikishindikana, Wildcat rubani alizungusha mwenyewe kwa mkono kama mizunguko 30, na Yak za Warusi zilikuwa za upepo kabisa. Kwa hiyo mwenye modeli ya 190 abadili kwa amani, na mwenye Yak ambayo haivuji sioni sababu ya kumgusia.

Msimamo wangu basi: fremu nzima, miguu imenyooka, betri ya pembeni ipo, badili na hutajuta. Fremu imechoka au miguu inabana, pesa hiyo ianzie huko kwanza, upepo uendelee na oringi mpya. Na ukibadili usitupe silinda na valvu, vifunge kwenye mfuko uandike ni vya ndege gani, kwa sababu matundu ya skrubu ni yaleyale na aktueta ikifa katikati ya msimu unaweza kurudi kwenye upepo jioni moja ukaendelea kuruka wakati unasubiri mzigo ufike.