Usinionyeshe duara tu

Mwaga iodini kwenye sahani ya agari (jeli ya kukuzia bakteria) yenye wanga, na sahani nzima inageuka bluu iliyokoza, karibu nyeusi. Hapa na pale, kuzunguka koloni fulani (kundi la bakteria walioota pamoja), panabaki duara lisiloshika rangi. Hapo wanga umeshaliwa: bakteria ametoa amilase, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali) kinachovunja wanga. Nimeziona sahani za namna hii nyingi tu, na bado moyo hunidunda.

Kinachoniudhi ni kwamba tafiti nyingi huishia papo hapo. Mtu anachota udongo, anauzimua kwa maji safi mara kumi, mara mia, mara elfu, anapanda, anapiga picha ya duara, kisha anaandika kwamba amepata bakteria mwenye manufaa kwa viwanda. Viwanda gani? Sabuni ya kufulia hufanya kazi kwenye maji yenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 au 10, tena imechanganywa na kemikali zinazovuruga protini nyingi. Sahani yake ilikuwa na pH 7, ikalazwa kwenye nyuzi 37. Kimeng'enya hicho kimefaulu mtihani ambao hakuna kiwanda kilichouomba.

Upana wa duara nao hudanganya. Agari ikiwa nyembamba, duara hutanuka. Koloni likiwahi kuota, hutanuka pia.

Mimi ningeanzia kwenye kazi yenyewe. Unatafuta protease, kimeng'enya kinachovunja protini, ya sabuni? Chota tope kwenye ziwa la magadi, upande kwenye agari ya maziwa uliyoipandisha hadi pH 10. Atakayeng'arisha maziwa hapo ana jambo la kukuambia. Unataka kimeng'enya cha kustahimili joto? Wengi hupasha udongo kwa nyuzi 80 kwa dakika 10, wakabaki na bakteria wa jamii ya Bacillus. Sawa, ila kilichovumilia moto hapo ni spora, umbo gumu ambalo bakteria hujihifadhi ndani yake. Kimeng'enya chake huenda kikakata kamba kwenye nyuzi 50. Lazima ukuze bakteria kwenye mchuzi wa virutubisho, uchuje, upashe ule mchujo, ndipo upime nguvu ya kimeng'enya iliyobaki.

Halafu kuna suala la kumtunza bakteria mwenyewe. Iodini huua. Siku moja nilikuwa na koloni lenye duara zuri ajabu, nikamwaga iodini bila kuwa nimepanda nakala kwenye sahani nyingine. Nilipochovya sindano ili nimhamishe, hakuota tena. Nilirudi kwenye udongo uleule mara tatu, sikumpata.

Mwaka 1966 Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walichukua sampuli kwenye chemchemi ya maji moto ya Yellowstone, Marekani, wakamkuza bakteria waliyemwita Thermus aquaticus. Hawakuwa wakitafuta kimeng'enya cha kumuuzia mtu. Lakini walimweka kwenye hifadhi ya American Type Culture Collection. Karibu miaka 20 baadaye, watu wa kampuni ya Cetus walikuwa wakihangaika na PCR, njia ya kuzalisha nakala nyingi za DNA, kwa sababu kimeng'enya walichokitumia kilikufa kila walipopasha DNA, ikabidi waongeze kingine kila mzunguko. Waliagiza bakteria wa Brock kutoka hifadhini, wakapata Taq polimerase, kimeng'enya cha kunakili DNA kinachovumilia moto wa nyuzi 95.

Wangu mimi hayuko kwenye friji yoyote. Nilibaki na picha ya duara.