Kiduara Kinazunguka, Jirani Keshashangiria

Yakhe, hebu nambie, kitu gani kinazunguka usiku kucha na hakina faida? Feni ya dari angalau inaleta upepo. Lakini kile kiduara cha katikati ya TV! Dakika ya 88, mtu kaunyanyua mguu kupiga penalti, mguu ukabaki hukohuko juu kama nguo iliyoanikwa. Sebule nzima kimya. Halafu nyumba ya pili: "Gooooo!" Wao wana dishi la zamani lenye kutu. Wewe una boksi la kisasa, linaloleta picha kwa intaneti.

Basi mtu kwa hamaki anachukua simu, ananunua kifurushi cha intaneti kikubwa zaidi. Mwezi unaofuata kiduara ni kilekile, ila sasa kinazunguka kwa bei ya juu.

Kwani picha inataka nini hasa? Ya 1080p, ile safi ya kawaida, inatosheka na kama Mbps 5, yaani megabiti tano kwa sekunde. Ya 4K, ile kali zaidi, ndiyo mlafi, itataka 15 mpaka 25. Na Mbps si MB, yaani megabaiti, jamani, gawa kwa 8: Mbps 10 ni MB 1 na robo kwa sekunde, na hizo kwa TV moja ya 1080p ni nyingi. Mwenye 10 zinazofika kweli kwenye boksi akiwa bado anagandiwa, mara nyingi mchawi wake yumo ndani ya nyumba.

Maana video haiji kama maji ya mfereji. Inakuja vipande vipande, kila kipande sekunde chache, na boksi linajiwekea akiba ya mbele. Akiba ikimalizika kabla ya kipande kingine kuingia, ndiyo kiduara. Filamu ina raha yake, imeshapigwa zamani, boksi linaweza kuchota dakika nzima ya mbele. Mpira wa moja kwa moja utachota nini, na dakika ijayo haijachezwa? Ndiyo maana tamthilia inakwenda vizuri na mechi inakukata maini. Na ndiyo maana hata mtandao ukiwa mzuri kama asali, jirani wa dishi atakutangulia kiasi cha nusu dakika. Hilo halina dawa.

Kabla hujamlaumu mtu, tafuta waya wa mtandao, Cat 5e tu inatosha, chomeka upande mmoja kwenye rauta, kile kifaa kinachogawa mtandao, na wa pili kwenye boksi. Maboksi ya bei nafuu tundu lake lina Mbps 100 tu, lakini hizo kwa TV ni nyingi kupita kiasi. Kiduara kikitoweka, kosa ni la waifai. Kikibaki, kosa liko kwenye laini ya intaneti, au kwa huyo anayerusha, au kwenye boksi lenyewe. Dakika tano umeshajua. Lakini nani anafanya? Watu wanapenda kuzima na kuwasha, mara saba, kama wanaagua.

Waifai yenyewe tunaitesa. Ukikaa Mji Mkongwe wa Unguja, kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Wazee walijenga kuzuia joto, wakazuia na waifai ambayo haijazaliwa. Mawimbi yake ni ya aina mbili: ya GHz 5 yana mbio lakini ukuta mmoja kama huo unayamaliza. Ya GHz 2.4 yanapenya kidogo, tatizo mtaa mzima umo humo, na njia zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Rauta na boksi vikiwa chumba kimoja, tumia GHz 5 na usiulize. Vikitengwa na ukuta wa mawe, pitisha waya juu ya mlango, uonekane ubaya lakini mpira uonekane.

Ng'ambo na Kwerekwe kuta ni za matofali, afadhali. Lakini huko rauta imewekwa wapi? Ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya seti ya vikombe ambavyo wageni wenyewe hawajawahi kuvinywea! Ukiitoa hapo, inapandishwa juu ya friji. Friji ni bati. Kioo kikubwa cha kabati la nguo nacho kinarudisha mawimbi, na tangi la maji linayameza. Rauta inataka kukaa wazi, juu ya usawa wa kifua, katikati ya nyumba. Ikiwa ni ile ya laini ya simu, iweke dirishani upande wa mnara. Fungua ukurasa wake kwenye kivinjari cha simu, anwani imebandikwa chini yake, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1, utafute nguvu ya mawimbi iliyoandikwa RSRP. Ikisoma -85 umepata. Ikisoma -110, hiyo ni taarifa ya msiba. Igeuze kidogo kidogo, kila mara usubiri dakika moja.

Na boksi lenyewe limetundikwa nyuma ya TV, limegandamizwa na bati la TV, ubavuni limechomekwa flashi ya USB 3.0, ambayo kelele zake zinaangukia palepale kwenye GHz 2.4. Chomoa hiyo flashi. Nunua waya wa HDMI wa mita moja, lilete boksi pembeni lipate hewa.

Hewa! Hapo sasa naomba bi mkubwa aniwie radhi. Kile kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, ni kizuri, mashaallah. Lakini boksi si mtungi. Ndani yake mna kompyuta nzima isiyo na feni, na ikipata moto inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Dalili yake: nusu saa ya mwanzo picha safi, halafu inaanza kurukaruka na kusitasita, na ukiligusa boksi unarudisha mkono. Angalia tofauti: picha ikisitasita bila ya kiduara, hilo ni joto au uchovu wa boksi. Kiduara kikija, ni njaa ya data. Toa kitambaa, weka vizibo vinne vya chupa chini ya boksi, kimoja kila pembe, upepo upite. Kitambaa akavikwe mtungi, ndiye mwenyewe.

Halafu kuna wenye kubana matumizi, wanalilisha boksi umeme kutoka tundu la USB la TV. Tundu hilo kwa kawaida linatoa ampea nusu, boksi linataka volti 5 na ampea 2. Linawaka, unafurahi, likipewa 4K linazimika na kujiwasha upya. Lipe chaja yake. Na umeme ukikatika ukarudi, maboksi mengi hayana betri ya saa, linaamka likidhani ni mwaka 2015, kila programu inalikataa, na wewe unapiga simu kutukana watu wa mtandao. Nenda kwenye tarehe na saa, weka ijirekebishe yenyewe.

Nafasi nayo. Boksi la GB 8 likishajaa linakwama kama daladala ya mwisho. Ingia Mipangilio, Programu, chagua ile unayoangalia, bonyeza Futa akiba; hayo ni mabaki ya zamani, si ile akiba ya picha ya mbele. Si Futa data, nakuomba! Ukifuta data utaulizwa nywila, na nywila aliiweka mpwa wako aliyeko Maskat, saa hizi amelala.

Simu za watoto zinajisasisha, kamera ya mlangoni inapandisha picha za paka usiku kucha. Njia ya kupandisha ikijaa, na ya kushusha inakwama, kwa sababu maombi ya boksi hayatoki. Zima waifai ya simu zote, na kamera pia, kwa dakika tano, kisha rudisha kimoja kimoja, utamjua mwizi.

Ama yule mwenye programu ya chaneli elfu kwa bei ya sahani ya urojo, fungua YouTube kwanza. Ikicheza safi na ile yako imeganda, basi seva ya muuzaji, yaani kompyuta anayorushia, imejaa watu kama Forodhani usiku wa Idi. Ikiwa umepanda paani, shuka. Huko hakuna utakachokirekebisha.

Leo kukiwa na mechi, ubora wa picha uweke mwenyewe 720p, ulio chini ya 1080p, kabla ya mpira kuanza, usiuache ujichagulie. Boksi liwe na waya, kitambaa kiwe mtungini. Na dirisha la upande wa jirani lifunge.