Mia tano ya mtoto wa darasa la tatu

Jumamosi iliyopita tuliitwa kikao cha wazazi kwenye shule ya msingi anakosoma binti yangu, huku Igoma. Tulikaa juu ya mawe chini ya mwembe. Mwanza mawe hayajawahi kuwa haba, haba ni madawati. Mwalimu mkuu alizunguka sana kabla ya kulitaja neno lenyewe: mchango. Wa hiari, akarudia mara tatu, maana tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ule wa elimu bila malipo, hakuna mwalimu mkuu anayetaka kusikika akitoza wazazi. Shida yake ilikuwa rimu za karatasi za mitihani ya kujipima.

Kazi yangu ni kuandika hesabu za wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na ugonjwa wa kazi hauniachi hata Jumamosi. Nikatoa kalamu. Ruzuku ya serikali kwa mwanafunzi wa shule ya msingi ni Sh 10,000 kwa mwaka. Sh 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, Sh 6,000 hushuka shuleni. Gawa kwa miezi 12, unapata Sh 500. Chaki humo, mitihani humo, kitasa kilichovunjika humo. Mia tano hiyo hainitoshi mimi nauli ya daladala kwenda mjini na kurudi.

Kinachoniuma zaidi ni umri wa hiyo elfu kumi. Ni ya enzi za MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002 ada ilipofutwa, na wakati huo ilikuwa sawa na dola 10 za Marekani. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, kiwango kikabaki kilekile. Kwa dola ya siku hizi ni kama dola nne hivi. Dagaa wangekuwa na bei ya 2002, mimi nisingekuwa na kazi.

Sasa tazama juu. Mwaka wa fedha 2023/24, mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu ilitengewa Sh 731 bilioni. Wanafunzi wa shule za msingi nchini wanazidi milioni 10, na ukiwapa elfu kumi kumi, jumla yake ni Sh bilioni 100 na kitu. Najua utakachonijibu: mkopo hurejeshwa, na mishahara ya walimu wa msingi ipo kwenye mafungu ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na ya halmashauri, nayo ni mabilioni mengi. Kweli kabisa. Lakini hapo ndipo ninapokwama. Bajeti ya Wizara ya Elimu ikisomwa Dodoma tunasikia matrilioni redioni, na mzazi wa Igoma hana pa kuuliza: katika kila Sh 100 ya elimu, shule ya msingi inapata ngapi, na baada ya mshahara inabaki ngapi? Hesabu zimelala kwenye vitabu tofauti. Kule Mwaloni, mwenye mtumbwi akiwa na madaftari matatu, wenzake humkalia macho.

Sina ugomvi na wanachuo. Mpwa wangu anasoma kwa mkopo huohuo. Ila bumu, ile posho ya mkopo ya wanachuo, likichelewa wiki mbili nchi nzima inajua, na karatasi zikiisha darasa la tatu anajua mwalimu na mwenyekiti wa kamati ya shule basi. Na baadhi ya watoto hawa, elimu ya serikali watakayoigusa ni hiyo ya msingi tu. Mwaka 1974, hapo Musoma, pwani ya ziwa hilihili, TANU iliazimia kila mtoto aingie shule. Wakaingia kweli, walimu wakatafutwa mbiombio, na mpaka leo mtu akiitwa "mwalimu wa UPE", jina la mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, si sifa. Kuwaingiza tumeweza mara mbili sasa: ile ya UPE, kisha 2002 na 2016 zikiwa moja kwa hesabu yangu.

Kikao kilipitisha Sh 2,000 kwa mtoto. Mama mmoja anayeuza sangara wa kukaanga akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mimi wangu wako wanne."

"Ni hiari, mama."

Akacheka, akafungua pindo la kanga, akaanza kuhesabu elfu nane.