Admini, Anza!

Mpaka leo nikipita kijiweni Mwenge washkaji wananiita "Admini Anza", ngoja niwape stori yenyewe.

Chuo kilitupeleka New Zealand kujifunza mazingira na mila za Wamaori, wenyeji wa asili wa kule. Tukiwa bado Dar tukaambiwa kabisa, mkipokelewa kwenye marae, yaani uwanja wa ukoo, msemaji wenu akimaliza hotuba nyie mliokuja naye mnasimama mnamuimbia, kwao inaitwa waiata. Grupu la WhatsApp likawaka, huyu anataka kwaya, huyu bongo fleva, jamaa wa Mbagala kang'ang'ania singeli, mimi kama admini nikasema tutaelewana kwenye ndege. Kwenye ndege tukalala. Doha mpaka Auckland ni kama masaa 16 na bado tulilala.

Rotorua tukaenda na basi. Mji unanuka mayai viza, kumbe ni salfa inatoka ardhini, mi sijui hili wala lile nikamkata jicho dada wa siti ya pembeni nikafungua dirisha, ndo ikazidi.

Kesho yake mapokezi. Katoka njemba na mkuki wa mbao, ulimi nje, macho yamemtoka, akaweka jani chini, mwalimu wetu akaliokota taratibu kuonyesha tumekuja kwa amani. Mpaka hapo heshima tupu. Mvua ikaanza, hotuba zikahamia ndani ya nyumba yao kubwa iliyochongwa mababu kila nguzo, na viatu vinabaki mlangoni. Hapo ndo nikaikumbuka soksi yangu ya kushoto, kidole gumba chote nje kinachungulia kama mjusi.

Mwalimu kamaliza kuongea, katugeukia. Kimyaaa. Nyuma mtu ananong'ona "admini, anza". Kichwani hamna kitu, mdomo ukafunguka wenyewe ukatoa mchakamchaka, ule wa shule ya msingi wa saa 12 asubuhi, wa kukimbia baada ya kuwahi namba, yaani kufika mapema kabla ya kuhesabiwa. Aisee walijibu wote, hakuna aliyekosea, tatizo mchakamchaka hauimbwi umesimama, miguu ikaanza yenyewe, tunakimbia palepale, sakafu ya mbao puu puu puu, kidole changu kinapiga saluti, mwalimu kashika kichwa.

Na mi sikumbuki unaishaje! Shuleni ulikuwa unaisha mwalimu wa zamu akipuliza filimbi, sasa pale filimbi naitoa wapi? Tumekimbia mpaka jasho linatoka, wazee wanatuangalia tu, mwishowe babu mmoja akagonga mkongojo chini, koh, wote tukaganda mguu pande.

Ikaja hongi, mnagusanisha pua na paji la uso mnavuta pumzi moja. Yule babu pua yake iko kwenye yangu nasikia tumbo linamtikisika kwa kicheko anachokibana. Bibi aliyefuata akaniuliza kwa Kiingereza, huo wimbo wenu ni wa vita gani?

We mwenyewe niambie, "kuwahi namba" ningeitafsirije?