Mwaka wa ziada hulipwa na aliye nje

Fungua ukurasa wa timu yoyote ya mpira ya chuo kikuu cha Marekani, uangalie safu iliyo kando ya majina, ile inayoonyesha mchezaji yuko mwaka wa ngapi. Zamani ungekuta wa kwanza hadi wa nne, basi. Siku hizi kuna kundi la tano: watu waliokwisha kupata shahada, wamejiandikisha kozi ya uzamili, na bado wanacheza. Wengine wana miaka 23, wengine 24. Katikati ya uwanja wanakutana na kijana wa miaka 18 aliyemaliza sekondari mwezi Mei. Sina ugomvi na hao wakubwa. Ugomvi wangu ni na hesabu ya nafasi zinazobaki baada yao, hesabu ambayo kocha haiweki mezani anapokuja nyumbani kumsifu mtoto wako.

Jumamosi huwa nafundisha watoto mpira hapa Columbus, Ohio, na wazazi wengi wanaosimama pembeni ya uwanja wanaongea Kiswahili: wa Uvira na Bukavu, wa Mombasa, Wabantu wa Somalia waliopitia Kakuma na Dadaab. Swali lao ni lile lile. "Kocha, huyu atapata skolashipu?" Jibu langu linarefuka kila mwaka, kwa hiyo nimeona niliandike.

Kanuni ya NCAA, chama kinachosimamia michezo katika vyuo vingi vikubwa, imekuwa hivi kwa miaka mingi: katika Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kabisa, mchezaji ana misimu minne, na lazima aimalize ndani ya miaka mitano tangu alipoanza masomo ya kutwa. Ule mwaka wa tano ulikuwa wa akiba. Umeumia goti, au kocha ameona mwili bado haujakomaa, anakuweka nje msimu mzima ufanye mazoezi na wenzako bila kugusa mechi. Hapo hakuna aliyelalamika.

Kisha ikaja korona. Mwezi Machi 2020 NCAA iliwaongezea mwaka wachezaji wa michezo ya majira ya kuchipua, na Agosti ikafanya hivyo kwa michezo ya vuli, mpira wa miguu ukiwemo. Msimu wenyewe ulisogezwa, ligi nyingi zikachezwa mwanzoni mwa 2021, na mwezi Mei mwaka huo Marshall wakawafunga Indiana 1-0 katika muda wa nyongeza wa fainali kule Cary, North Carolina. Kombe likahesabiwa. Miaka ya wachezaji haikuhesabiwa.

Uamuzi ule niliuunga mkono, na bado nauona ulikuwa wa haki kwa waliokuwa chuoni. Ila haki ile ilikuwa na bei, na bei hiyo alitumiwa mtu mwingine kabisa. Waliokuwa mwaka wa mwisho waliruhusiwa kubaki mwaka mmoja juu ya kiwango cha ufadhili wa timu. Wengine wote walibeba mwaka wao wa ziada mfukoni hadi zamu yao ifike, na zamu ilipofika walikaa ndani ya kiwango kile kile cha zamani. Aliyeingia chuoni 2020 aliweza kucheza mpaka 2024, na kama alikaa nje msimu mmoja, hata 2025. Sasa fikiria kijana aliyetafuta nafasi ya kuanza mwaka 2024. Korona ilipoingia alikuwa darasa la nane. Hakupoteza msimu wowote wa chuo, ila aliukuta mlango umezibwa na msimu uliopotezwa na mwingine.

Hapo ndipo fedha zinapoingia, na ndipo wazazi wetu wanapodanganywa zaidi. Neno skolashipu likitamkwa, mzazi anaona karo, bweni, chakula na vitabu, vyote vimelipwa. Katika mpira wa wanaume Divisheni ya Kwanza haikuwa hivyo karibu kamwe. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa skolashipu 9.9 kwa timu nzima. Si kwa mwaka wa kwanza pekee, kwa timu nzima. Kocha alizikata vipande: huyu nusu, yule robo, wa tatu vitabu tu, na wengine jezi na asante. Ukizigawa sawa kwa wachezaji 28, kila mmoja anapata kama asilimia 35, na hakuna kocha anayegawa sawa. Divisheni ya Pili walikuwa na 9 kwa wanaume. Divisheni ya Tatu hawana kabisa ufadhili wa michezo, na vyuo vya Ivy League, vile vinane vya zamani vyenye sifa kubwa, navyo hivyo hivyo.

Mchezaji wa mwaka wa tano, basi, hakai na jezi peke yake. Anakaa na kipande chake cha ile 9.9. Kama ni mshambuliaji mzuri, kipande hicho ni kikubwa, na kocha hatamnyang'anya ili ampe kijana ambaye bado hajui kama ataweza kasi ya ligi. Mimi mwenyewe ningekuwa kocha wa chuo ningefanya vivyo hivyo.

Watu watasema hayo yamekwisha, kwa sababu tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, kesi ya wanamichezo waliodai malipo. Ni kweli, chuo kilichojiunga na mapatano hayo hakifungwi tena na 9.9. Kinafungwa na idadi ya wachezaji: mpira wa miguu, wanaume na wanawake, 28. Kikitaka kiwalipie wote 28 karo nzima. Lakini kuruhusiwa kutoa si kutoa. Mapatano hayo hayo yanakiruhusu chuo kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka wa kwanza, na fedha hizo zinakimbilia ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mikononi, na kikapu. Mpira wetu unasubiri makombo. Wakati huo huo vyuo vilivyozoea kubeba wachezaji 30 na zaidi, wale wa ziada wakijilipia wenyewe, vimelazimika kupunguza. Nafasi ya kijana asiye na ufadhili, aliyekuwa tayari kukaa benchi miaka miwili akikua, ndiyo iliyokatwa kwanza.

Na angalia jaji alimkumbuka nani. Waliokuwa tayari kwenye timu, pamoja na walioahidiwa nafasi, wakazipoteza kwa sababu ya ile 28, waliwekewa mlango wa kurudi bila kuhesabiwa. Miezi sita kabla, Desemba 2024, mahakama ya Tennessee ilikuwa imempa nafuu Diego Pavia wa chuo cha Vanderbilt, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, aliyedai kwamba miaka yake katika chuo cha miaka miwili isihesabiwe. NCAA ikalegeza kanuni kwa msimu wa 2025-26 kwa wote wenye hali kama yake. Kila mara anayesikilizwa ni aliye ndani, mwenye jina, mwenye wakili. Sijaona kesi ya kijana wa sekondari akidai fidia kwa nafasi ambayo hakuwahi kupewa. Angethibitishaje?

Kwa watoto wanaotoka nje ya Marekani hesabu hii ina historia ndefu, na ingefaa ijulikane zaidi kwetu. Mwaka 1971 Howard University, chuo cha Weusi kilichoko Washington, kilitwaa ubingwa wa mpira wa NCAA kwa kuwafunga Saint Louis 3-2. Kocha alikuwa Lincoln Phillips, kipa wa zamani kutoka Trinidad, na kikosi kilijaa vijana wa Karibi na Afrika. Haukupita muda NCAA ikawavua ubingwa. Miongoni mwa makosa waliyotajiwa ni miaka: kulikuwa na kanuni iliyowahusu wageni pekee, kwamba kila mwaka uliocheza mashindano kwenu baada ya kutimiza miaka 19 unahesabiwa kama msimu wa chuo. Mmarekani aliyecheza mtaani kwake umri huo huo hakukatwa kitu. Howard wakaenda mahakamani, na mahakama ikasema kanuni ile ya wageni inakiuka katiba. Rufaa ya 1975 ikathibitisha. Ubingwa hata hivyo haukurudishwa. Wao walikuwa wamekwisha kujibu kwa miguu, maana 1974 walichukua kombe tena, bila kupoteza mechi hata moja, wakiwafunga Saint Louis wale wale 2-1 baada ya vipindi vinne vya muda wa nyongeza.

Kanuni iliyokuja kutumika baadaye haitazami pasipoti. Inasema ukimaliza sekondari una mwaka mmoja wa neema. Ukipita huo bila kuingia chuo, kila mwaka unaocheza mashindano rasmi unakula msimu wako mmoja, na ukifika chuoni unakaa nje mwaka wa kwanza. Kwa maandishi ni sawa kwa wote. Mwone sasa kijana wa Likoni aliyemaliza KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, mwezi Novemba. Matokeo, mtihani wa Kiingereza, barua za makocha, fedha za benki za kuonyesha ubalozini, viza imekataliwa, ombi la pili. Miaka miwili hiyo. Katikati anafanya nini? Anacheza, kwa sababu mchezaji asiyecheza hana video ya kumtumia kocha. Ligi ya kaunti ina refa, ratiba, jezi na msimamo, na kwa macho ya NCAA hayo ni mashindano rasmi, hata kama uwanja hauna nyasi na marupurupu ni soda. Anatua Marekani akiwa na misimu mitatu, au miwili, hana habari. Mawakala wanaochukua pesa za wazazi kule nyumbani wangelisema hilo siku ya kwanza kama kazi yao ingekuwa kusaidia.

Waliofaulu wapo, na njia zao zinafundisha. Philip Mayaka wa Nairobi alipitia sekondari ya Montverde, Florida, akaenda chuo cha Clemson akiwa kijana bado, na mwaka 2021 Colorado Rapids walimchagua wa tatu katika mgawo wa wachezaji wa MLS, ligi kuu ya mpira ya huku. Handwalla Bwana, mzaliwa wa Mombasa, alikulia Seattle, akacheza msimu mmoja tu University of Washington kabla ya kusajiliwa na Seattle Sounders ya MLS. Hao wawili waliingia chuoni kutoka sekondari za huku. Lawrence Olum yeye alipitia Missouri Baptist, chuo kidogo kisichokuwa chini ya NCAA bali NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, na akaishia kucheza MLS miaka mingi. Wazazi wangu wa Jumamosi husikia NAIA wakakunja uso. Wangejua kwamba huko kiwango cha skolashipu za mpira kilikuwa 12 wakati Divisheni ya Kwanza inahesabu 9.9, labda wangekunjua.

Na mabinti? Timu za wanawake za Divisheni ya Kwanza zimezidi 300, za wanaume ni 200 na kidogo, na kabla ya mapatano ya House wanawake walikuwa na skolashipu 14 kwa timu. Sababu ni sheria ya 1972 ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu: mpira wa Kimarekani ulimeza skolashipu 85 za wanaume, ikabidi vyuo visawazishe kwingine. Halafu nakuta baba anamleta mtoto wa kiume mazoezini kila wiki, na dada yake mwenye mguu wa kushoto bora kuliko wote amebaki nyumbani kulea. Sisemi zaidi, nimeshasema uso kwa uso.

Ningepewa kalamu ningefuta hii minne ndani ya mitano pamoja na msamaha wa huyu na ruhusa ya yule. Miaka mitano, misimu mitano, saa moja kwa wote, ianze siku unapoingia chuoni, si siku ulipofanya mtihani wa mwisho kijijini. Wapo makocha wanaoitaka hiyo misimu mitano, ila wanaitaka iwaguse waliopo. Hapo tunatengana. Ikiwapa waliopo, tumerudia 2020 bila korona, na darasa jingine zima la sekondari litakuta viti vimejaa. Ianze na wanaoingia. Najua kwa nini haipendwi hivyo: mchezaji wa miaka 23 anashinda mechi ya Ijumaa hii, na kocha naye mkataba wake unahesabiwa kwa misimu.

Mpaka hapo, mzazi, kocha akikupigia simu usiulize kwanza skolashipu ni kiasi gani. Muulize wangapi wanaocheza namba ya mwanao wanarudi mwakani, na wangapi kati yao wameshapata shahada. Muulize ufadhili unaandikwa kwa mwaka mmoja au kwa miaka yote. Muulize pia msaada usio wa michezo, maana vyuo vya Divisheni ya Tatu vinaweza kupunguza karo kwa alama za darasani na kipato cha nyumbani kuliko vile vyenye majina, na mwenye green card anaweza kuomba Pell Grant ya serikali, hadi dola 7,395 kwa mwaka wa masomo 2025-26, ambayo harudishi. Kocha akijibu yote kwa simu, mwandikie barua pepe siku hiyo hiyo ukiyarudia majibu yake, umwombe athibitishe.