Arabuko-Sokoke Unahitaji Nyayo Zetu

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, sisi wakazi wa Nairobi huteremka Pwani kwa maelfu, wengine kwa mabasi ya usiku, wengine kwa treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na karibu sote tunakwenda kutafuta jambo moja, nalo ni ufuo. Wanaoendelea hadi Watamu na Malindi hupita kasi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao kutoka dirishani huonekana kama ukuta wa kijani upande wa kushoto wa barabara, kisha ukuta huo ukaisha na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya hoteli. Nimeupita hivyo kwa miaka mingi. Safari yangu ya mwisho nilishuka, nikatembea ndani yake siku mbili, na nimerudi Nairobi nikiamini kwamba msitu huu haujuliki ukiwa ndani ya gari, na kwamba tusipoujua kwa miguu hatutakuwa na sauti ya kuutetea siku utakapohitaji watetezi.

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa takriban kilomita za mraba 420, na ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyosalia Afrika Mashariki. Sehemu yake kubwa ni hifadhi ya misitu. Kipande kidogo tu, cha kama kilomita 6 za mraba, ndicho mbuga ya kitaifa. Ukivuka barabara kuelekea baharini unafika hori la Mida, lenye mikoko yake, ambalo limo katika eneo la bahari la Watamu linalolindwa tangu mwaka 1968. Kwa hiyo mtu anaweza kuamkia chini ya miti mirefu na jioni akawa amesimama juu ya daraja la mbao kati ya mikoko, akitazama maji yakijaa.

Tuliingia alfajiri, mimi na mwongozaji aliyezaliwa vijiji vya karibu, mzee wa Kigiriama aliyeniomba kwanza ninyamaze, kisha nizime simu. Mwanzoni njia ilikuwa ya mchanga mweupe, na miti ilikuwa ya kila namna, ikiwemo mbambakofi, ambao mbao zake mafundi wa Pwani wamezichongea milango na samani tangu zamani. Baadaye miti ilibadilika ghafla ikawa mirihi, imeachana, mwanga ukipenya hadi chini. Tulipozidi kwenda magharibi mchanga uligeuka kuwa udongo mwekundu, na msitu ukawa kichaka kilichosongamana kiasi kwamba jicho halikufika hatua kumi mbele. Ni katika kichaka hicho cha udongo mwekundu anamoishi bundi wa Sokoke, ndege ambaye kimo chake hakifikii urefu wa rula ya mwanafunzi. Hatukumwona, wala sikutarajia kumwona mchana.

Tulichokiona ni sengi. Kwanza tulisikia majani makavu yakipigwapigwa, na mzee akaninyoshea mkono nisimame. Kisha akatokea mnyama mwenye ukubwa wa sungura mdogo, pua ndefu inayochezacheza, na nyuma ana manyoya ya manjano kama aliyekalia rangi mbichi. Wengi wa sengi hawa waliosalia duniani wako katika msitu huu. Wazungu waliomfananisha na ndovu kwa sababu ya pua yake hawakujua kwamba uchunguzi wa vinasaba ungekuja kuonyesha kuwa kweli yuko karibu zaidi na ukoo wa ndovu kuliko wa panya. Tulimtazama labda kwa nusu dakika. Gari lingekuwa limempita, na mngurumo wake ungekuwa umemfukuza zamani.

Nadhani tatizo letu tumelilea hapa hapa nyumbani. Mbuga ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ndiyo darasa la kwanza la wanyamapori kwa wengi wetu, na huko tunafundishwa kukaa garini na kufunga vioo. Ni sawa, kwa kuwa kuna simba. Lakini tumelibeba somo hilo hadi mahali lisipofaa, tukaamini kwamba usipoona simba hujaona kitu, na kwamba msitu ni mahali pa kuogopwa.

Jiji hili hili limewahi kuufuta woga wa namna hiyo. Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000, ulikuwa mahali ambapo watu waliogopa kukanyaga, na upweke huo uliwafaa waliotaka kuugawana. Mwezi wa Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti kupinga unyakuzi wake. Msitu ulinusurika, na miaka kumi hivi baadaye ulianza kuwekewa ua, njia zikasafishwa, na watu wakaingia. Leo Jumamosi asubuhi utakuta wazee, wakimbiaji na watoto wa baiskeli, na yeyote atakayeukata mti pale ataonekana na mamia ya macho kabla ya saa tatu. Katika Karura kuna muhugu, mti uleule ambao kule Arabuko-Sokoke umekatwa kwa magendo kwa ajili ya wachongaji wa vinyago. Mti mmoja, nchi moja. Ule wa Nairobi unatembelewa kila siku, ule wa Kilifi unalindwa na askari wachache na wanakijiji.

Wanakijiji hao ndio wanaonifanya nisisitize zaidi. Ndovu wa msitu huu ni jirani zao, na miti wanayokatazwa kuigusa iko hatua chache kutoka mekoni mwao. Tangu mwaka 1993, kupitia mradi wa Kipepeo ulioko Gede, baadhi yao wamekuwa wakifuga viwavi na kuviuza vifuko vyao ng'ambo, na hivyo msitu ukiwa hai unawaletea ada ya shule. Ada ya mwongozaji nayo hufanya kazi hiyohiyo, na ni ndogo ukilinganisha na chakula cha jioni cha watu wawili katika hoteli za ufuoni. Anayehofia ndovu ana haki ya kuhofu, na ndiyo sababu hamna anayepaswa kuingia bila mtu anayeijua njia na upepo.

Siombi mtu aache bahari. Naomba siku moja kati ya saba, na ikibaki saa moja, ipitie magofu ya Gede, mji wa Waswahili wenye kaburi la mwaka 1399, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Mimi nimekwisha kuzungumza na dada yangu: Desemba hii watoto wake wawili watashuka nami Gede, watalala mapema, na saa kumi na moja alfajiri yule mzee atatungoja kwenye lango la msitu.