Konokono wa milimita mbili: jina lije mwisho

Konokono wakubwa wanaovuka njia mvua ikishanyesha wanajulikana. Kazi iliyobaki mkoani Kigoma ni ya wale walio chini ya milimita tano, wengine wadogo kama punje ya ulezi, wanaoishi ndani ya majani makavu chini ya miti: mabonde ya Gombe, miteremko ya juu ya Mahale, na vipande vya msitu vilivyobakia kando ya mito ya vijijini. Naamini vifaa si kikwazo kikubwa hapa. Chekeche, mfuko wa kitambaa na penseli vinatosha kuanzia. Kinachoharibu kazi ni sampuli iliyochukuliwa vibaya, na baada yake ni haraka ya kutoa jina.

Kuokota kwa macho peke yake hakutoshi. Jicho hukamata wakubwa na wenye rangi, wadogo weupe likawapita. Njia inayotumika sana kwenye misitu ya Afrika Mashariki ni kupima eneo, kwa mfano mita 20 kwa 20, kulitafuta kwa macho kwa muda uliopangwa, kisha kuchukua majani yaliyooza pamoja na sentimita moja au mbili za udongo wa juu. Usichote mahali pamoja. Chukua konzi moja moja kati ya mizizi mikubwa, chini ya magogo, pembeni ya mawe, kwenye mashimo ambako majani hujikusanya. Yapukutishe juu ya chekeche lenye matundu ya sentimita moja, uweke kilichopita. Lita nne za kilichochekechwa ni kipimo kizuri, na uzuri wake hasa ni kwamba kila kituo kikiwa na lita nne zilezile, unaweza kulinganisha Gombe na kijiji cha Kalinzi bila kujidanganya.

Mfuko uwe wa kitambaa. Ndani ya plastiki majani hutoa jasho, ukungu huota, na konokono aliye hai huoza ndani ya ganda kabla hujafika mjini. Ukifika, toa kwanza walio hai, ndipo uanike kilichobaki kivulini juu ya magazeti mpaka kikauke kabisa. Kisha kipitishe kwenye machekeche ya milimita 5, 2, 1 na 0.5.

Kinachopita kwenye chekeche la mwisho wengi hukitupa, na hapo ndipo hasara inapoanzia. Mwaka 2015 ilielezwa kisayansi spishi ya konokono, Angustopila dominikae, kutoka Guangxi, China, yenye ganda la kimo cha milimita 0.86. Mwaka huohuo ikaja Acmella nana ya Borneo, takriban milimita 0.7. Mwaka 2022 ikafuata Angustopila psammion ya Vietnam, ambayo kimo chake ni kama nusu milimita tu. Ganda dogo namna hiyo laweza kupenya kwenye tundu la 0.5. Vumbi hilo likoroge kwenye beseni la maji. Maganda matupu yaliyokauka yana hewa ndani, kwa hiyo huelea, mchanga ukazama. Udongo ukiwa na unyevu mbinu hii haifanyi kazi, maana ganda lililojaa maji huzama na mchanga wake.

Kuchambua kunataka hadubini ya kukuza mara 10 hadi 40 na karatasi nyeusi chini ya sahani. Tandaza kijiko kimoja kimoja, unene wa tabaka moja. Usitumie kibano kwa walio chini ya milimita mbili, kwani ukingo wa mdomo wa ganda hupasuka, na mdomo huo ndiyo sehemu unayoihitaji kuliko zote. Brashi ya rangi iliyo nyembamba kabisa, ncha ikiwa na unyevu, humnyanyua bila kumdhuru.

Walio hai wana utaratibu wao. Wachache wanaotafutiwa vinasaba waende moja kwa moja kwenye ethanoli ya asilimia 96, na ganda la baadhi yao livunjwe kidogo ili ethanoli iingie, kwa kuwa konokono akijikunja ndani huziba mlango kwa ute. Wengine wazamishwe kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, chupa ijae pomoni isibaki hewa, walale humo usiku mmoja. Watakufa wakiwa wamejinyoosha, na viungo vyao vya uzazi vitapasulika vizuri. Baada ya hapo waingie ethanoli ya asilimia 80. Spiriti ya dukani haifai kwa vinasaba, hujui ina maji kiasi gani wala imechanganywa na nini. Formalini iwekwe mbali kabisa: ikigeuka tindikali hula ganda, na baada ya miezi unabaki na nyama isiyo na ganda.

Lebo iandikwe kwa penseli na iingie ndani ya chupa. Kalamu ya wino wa kawaida hufutika kwenye ethanoli. Mkoa, wilaya, kijiji, majira-nukta (latitudo na longitudo), mwinuko, aina ya uoto, tarehe, aliyekusanya. Sampuli iliyoandikwa "Kigoma" tu ni sawa na iliyopotea, kwa sababu kutoka ufukwe wa ziwa, ulio kwenye mita 770 hivi, hadi kilele cha Nkungwe huko Mahale, mita 2,462, unapita misitu ya aina kadhaa na konokono wake si walewale.

Sasa umepata ganda jeupe la milimita tatu, lenye umbo la pipa, na kwenye mdomo wake kuna meno. Huenda ni Gulella, jenasi ya konokono wanaowinda konokono wenzao, yenye spishi mamia katika Afrika. Liweke mdomo ukikutazama, mhimili wake ulale sambamba na kipimo. Likiinama kidogo tu vipimo hubadilika, na wapo waliotangaza tofauti iliyotokana na mkao wa ganda. Pima kimo na upana. Hesabu mizunguko kuanzia nchani, kwa usahihi wa robo ya mzunguko. Tazama ile mizunguko ya kwanza kabisa ni laini au ina mistari, mbavu (mistari iliyoinuka) za mzunguko wa mwisho ni ngapi, kitovu, yaani tundu la chini katikati ya ganda, kiko wazi au kimezibwa. Kisha meno: mangapi, yako ukingo gani, lipi limeingia ndani zaidi. Mpangilio wa meno ndio unaotenganisha spishi nyingi za jenasi hii, na konokono mchanga hana meno hayo ya mkomavu. Ndiyo maana ganda changa lisipewe jina kamwe, hata likiwa zuri namna gani. Kadhalika maganda ya kale yaliyofifia rangi, au yaliyochomwa na moto wa kiangazi kwenye miombo yakawa meupe na mepesi: yahesabiwe, yasitumike kuelezea.

Kosa jingine la kawaida ni kumkuta mgeni ukamdhani mwenyeji. Subulina octona asili yake ni Amerika ya kitropiki, na imesambaa duniani pamoja na miche na udongo wa vyungu. Konokono yeyote mwembamba mrefu aliyeokotwa kwenye kitalu au bustani alinganishwe kwanza na wasafiri wa aina hiyo.

Kulinganisha ndiyo kazi yenyewe. Spishi mpya haipatikani msituni, inapatikana mezani, baada ya kuondoa kila jina la zamani ambalo lingeweza kuwa lake. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinaanza kuhesabu mwaka 1758, na jina la kwanza ndilo lenye haki. Kwa Kigoma hii ina maana ya kusoma kazi ya Eduard von Martens ya 1897 iliyohusu koloni la Wajerumani, na ya Mmarekani Pilsbry ya 1919 iliyohusu Kongo, kwa sababu konokono wa ng'ambo ya ziwa na wa Burundi ni jirani zetu na mpaka hawaujui. Sampuli za awali, zile zilizotumika kutolea majina hayo, ziko kwenye makumbusho ya London, Berlin, Paris, na Tervuren nchini Ubelgiji. Picha zake zinaweza kuombwa, na makumbusho mengi hujibu.

Mkoa huu una ushahidi wake wa haraka ya majina. Speke, mpelelezi Mwingereza, alichukua makome ya Ziwa Tanganyika mwaka 1858, mtaalamu Woodward akayaeleza London mwaka uliofuata. Baadaye Bourguignat, Mfaransa, alipokea shehena kutoka ziwa hilihili akatoa jina karibu kwa kila tofauti ndogo ya umbo. Mengi ya majina hayo leo yamefutwa kwa kuunganishwa na mengine, na watafiti wametumia miaka mingi kuyasafisha. Hao walikuwa wa majini, lakini wa nchi kavu wanaweza kupatwa na yaleyale. Kwa hiyo natetea kanuni kali kuliko ile ya kimataifa: wakomavu kumi kwa uchache pale wanapopatikana, viungo vya ndani vikipasuliwa, na vinasaba vya jeni zisizopungua mbili, mojawapo ikiwa COI, jeni inayotumika sana kutofautisha spishi za wanyama. Ganda moja la pekee liandikwe kwenye ripoti kama "Gulella, spishi haijatambuliwa", likingojea wenzake.

Ukifika wakati wa kutoa jina, holotaipu, yaani sampuli moja inayobeba jina hilo, lazima itajwe wazi na mahali ilipohifadhiwa. Makala ikitoka kwa njia ya kielektroniki isajiliwe ZooBank, daftari la kimataifa la majina ya wanyama, vinginevyo jina halihesabiki. Msimamo wangu ni kwamba holotaipu ya konokono wa Kigoma ikae Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na sampuli nyingine za spishi hiyo ndizo ziende nje. Maganda makavu yawe kwenye vichupa vya kioo. Makasha ya mbao na katoni hutoa mvuke wa tindikali, na kwa unyevu wa ziwa ganda hufanya unga mweupe juu yake mpaka mbavu zote zipotee.

Kibali cha utafiti ni cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Hifadhini kuna TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa), misitu ya serikali kuu ni ya TFS (wakala wa misitu), na msitu wa kijiji unaanzia ofisi ya kijiji.

Wapi pa kuanzia? Wengi watasema Gombe. Mimi nasema Ilagala, kwenye miamba ya chokaa ya dolomaiti. Konokono hujenga ganda kwa kalsiamu, na udongo mwingi wa miombo ni maskini wa madini hayo, isipokuwa kwenye vichuguu, ambavyo navyo vichekechwe. Mwamba wa chokaa hushikilia spishi ambazo zinaweza zisipatikane kilomita chache pembeni, na ukichimbwa zinakwisha pamoja nao: Plectostoma sciaphilum ya Malaysia ilitoweka kilima cha Bukit Panching kilipochimbwa chote. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968 na majani yake yatakuwepo mwaka ujao. Mwamba ulio nje ya hifadhi uchukuliwe lita nne zake sasa, nusu ichambuliwe, nusu ikaushwe na kufungwa na lebo yake kwa ajili ya atakayekuja na hadubini bora.